Sanduku la Kupapasa

Onsongo wa Gesima alikuwa amelima majani chai miaka arobaini na hakuwahi kunywa kikombe kimoja. Kanisa lilimwambia chai haifai kwa mwili wa mwamini, naye akakubali, akawa anaichuma asubuhi, anaipeleka kituoni kupimwa, kisha anarudi nyumbani kunywa uji. Majirani walimcheka mpaka wakachoka. Yeye aliwajibu kwamba mtu anaweza kukaa jirani na kitu maisha yake yote bila kukigusa, na akazikwa akiwa safi. Alikuwa mtu wa namna hiyo. Akishika jambo, ameshika, na hata ng'ombe wake walijua.

Jumapili hiyo ya Agosti alikuwa nyuma ya pikipiki, amevaa koti zito la marehemu mwanawe, baridi ikimuuma masikio, anaelekea Kisii mjini. Mbele yake ilikuwa inakwenda Probox nyeupe ya kukodi. Ndani alikaa Beverlyne, mkaza mwanawe, pamoja na mjukuu wake Kemuma, mtoto wa miaka sita. Nafasi ndani ya gari ilikuwapo. Beverlyne mwenyewe alifungua mlango wa nyuma akasema, “Baba, ingia, kuna nafasi.” Onsongo akatazama migomba, akajibu kwamba atakuja na pikipiki. Beverlyne akaufunga mlango kwa kishindo, na Onsongo akadhani ni bawaba tu iliyolegea.

Wagusii wana kitu wanachokiita chinsoni. Ni haya na ni heshima, vyote pamoja. Baba hampi mkono mke wa mwanawe. Hakai naye kiti kimoja, hali naye sahani moja, na nyumba ya mwanawe haingii, hata mvua ya mawe imnyeshee kichwani akiwa kizingitini. Mwenye kuvunja mwiko huo alikuwa akitafutiwa mbuzi wa kumtakasa, na jina lake likiliwa sokoni miaka na miaka. Lakini babu na mjukuu, hao ni watani, hawana mpaka. Kemuma alipewa jina la marehemu bibi yake, kwa hiyo Onsongo alimwita “mke wangu,” na mtoto naye akamwita “mzee wangu wa meno matatu,” ingawa meno yake yalikuwa zaidi ya hayo. Wakicheka hao wawili, ungesikia kutoka barabarani.

Na sasa mtoto alikuwa anaondoka. Baba yake, Manasseh, alifariki ajalini miaka miwili iliyopita. Beverlyne, muuguzi katika kliniki moja Kebirigo, alikuwa amepata kazi hospitalini Uingereza, na ndege yake ilikuwa Alhamisi. Kemuma angepelekwa Nakuru, kwa mama yake Beverlyne. Onsongo hakuambiwa na mtu mzima. Aliambiwa na mtoto mwenyewe, walipokuwa wakikata majani ya ng'ombe: “Babu, kwani Nakuru pia kuna majani chai?” Panga lilimponyoka mkononi.

Angemwambia nani maneno yaliyo moyoni? Kwa desturi, ujumbe wa baba mkwe hupitia kwa mama mkwe, lakini mkewe alizikwa mwezi mmoja kabla ya Manasseh kumleta Beverlyne nyumbani. Baada ya mama mkwe, kuna Eucabeth, mke wa ndugu yake. Eucabeth alikuwa ameshatangulia makambi, ile wiki ya Agosti ambapo Waadventista huhamia mahemani na sufuria zao kusikiliza mahubiri, na yeye ndiye mkuu wa jikoni. Onsongo alimpigia simu. “Shemeji, mambo kama hayo hayasemwi kwa simu,” Eucabeth alisema, huku vijiko vikilia nyuma yake. “Ngoja nirudi makambi yakiisha, Jumapili ya wiki ijayo.” Jumapili hiyo Beverlyne angekuwa ng'ambo na mtoto Nakuru. Eucabeth hakuuliza safari ni siku gani, na Onsongo, kwa aibu, hakusema.

Hapo ndipo Kemuma alipomletea karatasi aliyopewa shuleni kabla ya kufunga. Makumbusho ya viumbe pale Nyanchwa yalikuwa yanafanya Siku ya Familia ya likizo: michezo, mafuvu, vipepeo, beji kwa kila familia. “Mimi na mama na babu,” Kemuma alisema, akihesabu kwa vidole. Onsongo akaona mwanga. Makumbusho si nyumba ya mtu. Hayana kizingiti cha mwanawe wala jiko la mkaza mwana. Mahali kama hapo, mbele ya wanyama waliokufa, huenda mtu akazungumza kwa umbali wa heshima na Mungu asikasirike. Akakosa ufunguzi wa makambi kwa mara ya kwanza tangu abatizwe. Njia nzima, nyuma ya pikipiki, alikuwa anarudia maneno yake kwa Kiswahili, maana Beverlyne alikulia Nakuru na Ekegusii chake kilikuwa cha kuombea maji: “Beverlyne, mama, niachie mtoto. Boma imebaki makaburi tu.”

Makumbusho yenyewe yalikuwa nyumba ya mabati mekundu mlimani, juu kidogo ya kanisa. Mzee Ashok, mwenye duka la vitambaa mjini, ndiye aliyeyaanzisha kwa sababu alipenda wadudu kuliko vitambaa, na alipofariki akamwachia binti yake Meena wadudu wote na kichaa chote. Meena alizaliwa Kisii, akazeeka Kisii, na akigombana na wauza ndizi kwa Ekegusii ungeapa ni mama wa Gesima. Mwaka wa kwanza aliiweka Siku ya Familia Jumamosi, siku ya Sabato, wakaja Wakatoliki watatu na mbuzi. Mwaka huu akaihamishia Jumapili, tena ikaangukia ufunguzi wa makambi. Kwa hiyo zilikuwapo familia nne tu, tatu zikiwa zimetoka misa ya kwanza na bado zimevaa viatu vya kanisani.

“Bwakire, tata,” Meena alimsalimu Onsongo mlangoni. “Karibu. Usiogope chatu, ni ngozi tu.”

Saa moja ya kwanza ilikwenda vizuri, na hilo ndilo linaloniuma mimi ninayesimulia. Kemuma alimvuta babu yake kutoka kabati hadi kabati. Walimwona mbega aliyejazwa pamba, mkia wake mweupe umeliwa na nondo. Waliona fuvu la kiboko, na Kemuma akaingiza kichwa karibu kabisa na meno yake akasema, “Babu, huyu anakushinda meno.” Walivuta droo za vipepeo na kila droo ikawa ya ajabu kuliko iliyotangulia. Onsongo alimweleza majina ya ndege kwa Ekegusii, naye mtoto akayarudia. Beverlyne alikuwa nyuma yao hatua kumi, mikono imefungwa kifuani. Kila alipokaribia, Onsongo alisogea kabati la pili. Alifanya hivyo kwa ustadi wa miaka, bila kufikiri, jinsi mtu anavyokwepa tope. Mara tatu alifungua kinywa aanze yale maneno yake. Mara tatu akamwonyesha mtoto ndege mwingine.

Kisha wakaitwa kwenye mchezo wa mwisho.

Mchezo uliendeshwa na mwalimu Valentine, mama wa makamo kutoka Machakos anayefundisha bayolojia, aliyejitolea kumsaidia Meena likizoni. Juu ya meza aliweka sanduku la mbao lenye matundu mawili, moja kila upande, yamezibwa kwa kitambaa cheusi. Ndani ya sanduku kuna kitu. Wazazi wawili wanaingiza mikono, mmoja huku, mmoja kule, wanakipapasa pamoja, wanamweleza mtoto jinsi kilivyo bila kukitaja, na mtoto anakisia. Akipata, familia inapewa beji. Familia tatu zilikuwa zimeshapata. Mume na mke mmoja walicheka sana mle ndani, wakashikana vidole makusudi, na watu wakawapigia makofi.

“Haya, baba Kemuma na mama Kemuma!” Valentine aliita.

Tusimlaumu. Nchi hii wazee wenye mashamba ya chai wameoa wake wadogo kuliko huyo. Lakini Onsongo alihisi damu ikimpanda usoni. Aliona watu wakimtazama yeye, kisha wakimtazama Beverlyne, wakiwaweka pamoja kwa macho.

“Mimi si baba yake,” alisema. “Mimi ni babu.”

“Haidhuru, babu! Mikono ni mikono. Mama ameshaingiza wake.”

Kweli Beverlyne alikuwa ameingiza. Mkono wake wa kulia ulikuwa ndani ya sanduku hadi kwenye kiwiko, na uso wake, kwa mara ya kwanza siku hiyo, ulikuwa umelegea kidogo. “Ni kitu baridi,” alimwambia mtoto. “Iko na mistari kama ya mahindi. Njoo, Baba, ushike huo upande mwingine.”

Onsongo alilitazama lile tundu. Alijua kilichokuwa mle gizani: mkono wa mke wa mwanawe. Akarudi nyuma hatua moja.

“Hapana. Mimi hapana.”

“Babu, ingiza!” Kemuma alimvuta koti. “Wote wameingiza! Tutakosa beji!”

“Mke wangu, niache. Hiyo siwezi.” Akarudi nyuma tena, akagonga kimeza chenye miiba ya nungunungu, ikamwagika sakafuni. Mtoto akaangua kilio. Hakulia kwa deko. Alilia kwa ile aibu ya mtoto aliyeona familia zote zimekamilika isipokuwa yake.

Beverlyne aliutoa mkono wake polepole, akaufuta kwenye sketi. Alipozungumza, hakupaza sauti, lakini chumba kizima kilisikia.

“Wacha kulia, Kemuma. Babu yako hawezi. Hata ile siku ulikuwa unakufa, hakuweza.”

Valentine alibaki na beji mkononi. Meena, aliyekuwa akiokota miiba, alisimama na kumtazama Onsongo, kisha Beverlyne, na yeye ndiye aliyeelewa kabla ya wote. Akamgeukia Valentine.

“Mwalimu, usiwalazimishe. Huyu ni mkwewe. Hawa hawapeani mikono. Mzee akiweka mkono humo, amemvunjia dada heshima mbele ya watu wote. Amekataa kwa sababu anamheshimu.”

“Ananiheshimu?” Beverlyne alicheka, kicheko kikavu kisicho na furaha. “Huyu?”

“Kwani hukuambiwa, dada? Chinsoni.”

“Hiyo neno nimesikia. Si ni mambo ya nguo? Usivae fupi mbele ya wazee?”

Meena alimtazama kwa huruma. Akamweleza kwa maneno machache, mkono, kiti, sahani, nyumba, kama vile anamweleza mteja namna ya kufua kitambaa kisichuje. Ndivyo ilivyokuwa: binti wa Mgusii, mjane wa Mgusii, aliambiwa siri ya nyumba yake na mwenye makumbusho ya vipepeo, miaka saba baada ya kuolewa. Kila mtu Gesima alidhani mwingine alishamwambia. Usilolijua ni usiku wa giza, na mwanamke huyo alikuwa ametembea gizani miaka yote hiyo huku watu wenye taa wakimpita.

Meena akamchukua mtoto kwenda kumwonyesha viwavi. Onsongo na Beverlyne wakatoka nje. Yeye Beverlyne alikaa kwenye benchi chini ya ukuta. Onsongo alikaa juu ya jiwe, mbali, amempa ubavu, akiutazama mji wa Kisii kule chini.

“Basi niambie,” Beverlyne alisema. “Siku ya kwanza Manasseh alinileta. Nilikupea mkono, ukaangalia chini.”

“Ilikuwa heshima.”

“Siku ya mazishi. Jeneza ilikuwa sitting room yetu. Watu wote wakaingia kumuaga Manasseh. Wewe baba yake ukakaa kwa migomba. Nilikuwa nakuona kwa dirisha. Nikasema, huyu mzee anafikiri mimi ndiye nilimuua mtoto wake.”

Onsongo alifumba macho. Alikumbuka ile migomba. Alikuwa ameushika mgomba mmoja kwa mikono miwili ili asianguke, na akamuaga mwanawe kupitia ukuta, kwa kunong'ona, kwa sababu ukuta ule ulikuwa wa nyumba ya mwanawe na yeye ni baba.

“Beverlyne,” alisema, “mimi sikuwahi kufikiri hivyo hata siku moja. Mimi nilidhani unajua. Nilikuwa nasema, huyu msichana amekulia mjini lakini ananielewa, ananyamaza, hasumbui. Nilikuwa najivunia wewe. Kanisani nilikuwa nasema mkaza mwanangu ni mtu wa adabu.”

“Ulikuwa unasema hivyo?”

“Muulize Eucabeth.”

Beverlyne akaanza kulia. Alilia kwa muda mrefu. Mikono ya Onsongo ilitaka kufanya kitu. Aliikalia.

“Miaka saba,” Beverlyne alisema hatimaye. “Miaka saba nalala nikijua kuna mtu ananichukia hatua hamsini kutoka kwa mlango yangu. Unajua ni nini ilinifanya nitafute hiyo kazi? Si pesa. Nilichoka kuchukiwa.”

Kauli hiyo ilimchoma Onsongo mahali ambapo hakujua pana nyama. Lakini aliona pia kwamba mlango umefunguka, na kwamba hautafunguka tena. Akapiga moyo konde. Yale maneno aliyoyarudia nyuma ya pikipiki yakatoka, yakiwa yamevunjikavunjika, lakini yakatoka.

“Mama, niachie mtoto. Wewe enda, fanya kazi, Mungu akubariki. Lakini Kemuma abaki. Shule iko karibu. Eucabeth iko. Maziwa iko. Boma imebaki makaburi tu. Huyu akienda, mimi nitakuwa naamka asubuhi kwa sababu gani?”

Beverlyne alifuta uso kwa kiganja. Hakukataa.

“Mama yangu ni mgonjwa,” Beverlyne alisema taratibu. “Sukari imemwingia miguu. Kumchunga mtoto itakuwa shida. Ukweli, Baba, mahali pa kwanza nilifikiria ilikuwa kwako. Anakupenda kuliko mtu yeyote. Ni vile nilisema, nitaachaje mtoto kwa mtu ananichukia? Atamwambia nini kuhusu mimi?”

“Sasa umejua.”

“Sasa nimejua.” Akavuta pumzi. “Ile siku ya homa.”

Onsongo alijua ingekuja. Ilikuwa saa tisa alasiri, Kemuma ana miaka mitatu, Manasseh yuko kazini. Beverlyne alipiga ukelele: “Baba! Baba!” Onsongo alitupa jembe akakimbia. Alifika mlangoni. Mlango ulikuwa wazi. Mtoto alikuwa sakafuni, macho yamepinduka, miguu inatetemeka, na mama yake amepiga magoti. Kati yake na wao kulikuwa na kizingiti, matofali matatu tu na saruji. Akasimama. Aliita jina la mtoto. Kisha akageuka, akakimbia hadi barabarani, akasimamisha pikipiki kwa kujitupa mbele yake, na kwa hilo mtoto alipona. Hivyo ndivyo alivyokuwa akijisimulia.

“Nikiwa huko mbali,” Beverlyne alisema, “nitakuwa nafikiria kitu moja tu. Nataka uniambie ukweli, kama mzee wa kanisa. Ile siku, kama ni mimi ningekuwa nimeanguka pia. Kama niko chini, siwezi kumbeba mtoto nje, na yeye anakufa hapo ndani. Ungeingia?”

Neno lilikuwa fupi. Ndiyo. Mtoto mdogo angelisema. Mwongo yeyote wa sokoni angelisema na kuongeza kiapo. Onsongo alilifungulia mdomo.

Na papo hapo akauona tena ule mlango. Alikuwa ameurudia mara nyingi kuliko Beverlyne alivyodhani. Miaka mitatu alikuwa akiukimbilia usingizini, na kila mara alijiambia kwamba safari hii ataruka yale matofali matatu, na kila mara miguu yake ilisimama yenyewe. Haikumwomba ruhusa. Ilikuwa miguu ya baba yake na babu yake. Alimtazama yule mtoto sakafuni, mwenye jina la mkewe, kipenzi chake cha pekee duniani, na hakujua. Mungu wake alikuwa shahidi kwamba hakujua.

Mdomo ukabaki wazi. Chini mjini honi zilikuwa zikilia. Ndani, Kemuma alikuwa akimhesabia Meena miguu ya kiwavi.

Beverlyne alingoja kwa muda wa kutosha. Hakuna atakayesema hakumngoja.

“Asante kwa kutonidanganya,” alisema.

“Lakini angekuwa nyumbani kwangu,” Onsongo alisema kwa haraka. “Kwangu hakuna huo mlango. Yeye ni mjukuu. Mjukuu hana mwiko na mimi!”

“Hiyo mlango moja nimeijua leo, Baba, na nimekaa hapo miaka saba. Zingine ziko ngapi? Wewe unazijua. Mimi sizijui. Nitakuwa nalala Uingereza nikihesabu milango.” Akasimama, akajipangusa sketi. Hakuwa na hasira tena, na Onsongo angetoa shamba zima la chai ili amwone amekasirika. “Ataenda Nakuru. Mama yangu miguu ni mbaya, lakini akiitwa ataingia akitambaa.”

Heshima si utumwa, wahenga walisema, nao walisema kweli. Ila hawakusema mtu afanye nini na heshima yake inapombakia mikononi, nzima, bila doa, na nyumba haina mtu.

Probox ilikuja saa nane. Kemuma alitoka mbio na karatasi aliyochora kiwavi, akamkumbatia babu yake magotini, akamwambia asichume chai peke yake, amngoje. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba wiki hiyo ndiyo ya mwisho. Onsongo alimshika kichwa kwa mikono miwili, akamwita mke wangu. Mtoto akaingia garini.

Beverlyne akabaki amesimama kando ya mlango wa gari.

Onsongo alimtazama. Akawatazama wale watu wa misa ya kwanza waliokuwa wakitoka, na Meena kizingitini, na mwalimu kutoka Machakos. Na waone. Na waende wakamseme makambini, mimbarani, kituo cha kununulia chai. Akavuka zile hatua zilizokuwa kati yao, akanyoosha mkono wake wa kulia, mweusi kwa utomvu wa majani. Katika miaka sitini na nne hakuwahi kufanya jambo zito kama hilo.

“Beverlyne,” alisema. “Mama. Shika.”

Beverlyne aliutazama ule mkono. Kwa miaka saba aliutamani. Machozi yakamjaa tena. Kisha akakunja mikono yake kifuani, akarudi nyuma hatua moja, akainamisha kichwa na kutazama chini, vilevile hasa jinsi mama mkwe wake angemfundisha.

“Hapana, Baba,” alisema kwa upole. “Wewe hukunivunjia heshima hata siku moja. Mimi nitaanzaje kukuvunjia leo?”

Alisema kwa mapenzi ya kweli. Akaingia garini, safari hii akafunga mlango polepole. Probox ikateremka kuelekea mjini, na Onsongo akabaki amesimama palepale, mkono umenyooshwa, mpaka Meena akaja akamwambia kwamba pikipiki yake inamngoja.